Kulipia arifa za tenda: ni akili ama ni kuliwa pesa?

KijanaWaRuai:
Wakubwa, habari zenu. Nina kakampuni kadogo ka kusapulai vitu vya ofisi, karatasi, wino wa printa, viti na kadhalika. Kuna hawa jamaa wa mtandaoni wanakutumia tenda za serikali kila asubuhi kwa imeili na esemesi, unachagua kazi zako na kaunti unazotaka, halafu unalipa kwa mwezi ama mwaka mzima. Kufungua tovuti za kaunti 47 moja moja siwezi, nitakuwa mlinzi wa kompyuta. Kuna mtu hapa amelipia na akapata kazi kweli?

SaplayaKimya:
Usilipe. Vitu vyote viko bure kwa tenders.go.ke, ile tovuti ya serikali. Tangu Uhuru Kenyatta akiwa rais atoe ile amri ya 2018, ofisi zote zinafaa kuweka tenda hadharani na pia waseme nani ameshinda. Kuna pia MyGov, jarida la matangazo ya serikali, inayokuja ndani ya gazeti Jumanne. Hao jamaa wanachota hapo wanakuja kukuuzia, ni kama kuuziwa maji ya mvua.

MsomiWaZabuni:
"Zinafaa" na "zinaweka" ni vitu viwili, mkubwa. Ofisi zingine zinaweka tangazo kwa tovuti yao wenyewe, ukurasa umejificha huko chini, na unalipata ikiwa imebaki siku mbili kufunga. Unacholipia ni mtu wa kukuzungukia. Ubaya wao ni takataka, mimi niliandika "usafi wa ofisi" nikawa naletewa visima vya Garissa na uzio wa shule. Hiyo wiki yote nilikuwa nafuta tu imeili.

FundiWaUmoja:
Nyote mnazunguka mbuyu. Tenda ina mwenyewe kabla itangazwe, arifa ni ya kukualika ushuhudie harusi ya wenyewe. Hata hizo za AGPO, ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, kina mama na walemavu, ukichunguza hizo kampuni za kina mama ni mabwana wameandikisha bibi zao, mama mwenyewe hajui hata kampuni inauza nini.

MamaKaratasi:
Fundi, ngoja kwanza hapo. Mimi ndiye huyo mama. Kampuni ni yangu, cheti cha AGPO kina jina langu, zabuni najaza mwenyewe usiku watoto wakilala, na kurasa napiga namba mmoja mmoja kwa mkono kwa sababu ukiruka mmoja unatupwa nje hata kama bei yako ndiyo nzuri. Bwana yangu ni mwalimu, hata CR12, ile karatasi ya kuonyesha wenye kampuni, hajui ni mnyama gani. Taja hizo kampuni ulizochunguza.

FundiWaUmoja:
Madam usichukulie kibinafsi, nimesema WENGI sijasema wote.

MamaKaratasi:
Hukusema wengi. Rudi usome.

NyotaYaKayole:
😂😂 Fundi amepatikana leo

SaplayaKimya:
Lakini tuwe wakweli, hizo kampuni za jina tu zipo. Ndiyo maana sheria inataka asilimia 70 ya umiliki iwe ya hao wenyewe.

MsomiWaZabuni:
70 ni umiliki. Uongozi ni 100, wakurugenzi wote wawe wa kundi hilo.

FundiWaUmoja:
Asante Msomi, sasa hiyo sheria ingewekwa ya nini kama hakuna wanaume wanajificha nyuma ya wanawake? Mnanipiga halafu mnaniletea ushahidi wangu.

DadaWaGithurai:
Sheria ya wizi pia iko, kwa hivyo wewe ni mwizi? Mwanaume akitumia jina la bibi yake anayekosa ni mwanaume, lakini hapa anayetukanwa ni mama. Na mkikosa tenda hamkosi kwa sababu ya bei zenu, hapana, mmenyang'anywa na kina mama.

MzeeWaBuruBuru:
Wanangu, mimi nauliza tu bila ubaya. Mama amesema mumewe ni mwalimu. Mwalimu si ni mtumishi wa umma? Na mke wa mtumishi wa umma kupewa kazi na serikali, hiyo imekaa aje?

FundiWaUmoja:
Mzee!!! Hapo sasa.

MamaKaratasi:
Mzee wangu, shikamoo. Anafundisha akademi ya mtu binafsi Kasarani, na mshahara wa mwezi uliopita bado anaungoja. Kuna lingine mnataka kujua kuhusu nyumba yangu? Supu tumepika ya nini?

MzeeWaBuruBuru:
Marahaba mama, nimesikia. Yaishe.

KijanaWaRuai:
Sasa wakubwa, nilipie ama nisilipie?

MsomiWaZabuni:
Wewe umri wako uko chini ya 35? Kama ndiyo chukua AGPO kwanza, hiyo ni bure. Kwa hizo tenda huitishwi bondi ya benki ya kudhamini zabuni yako, unajaza tu fomu ya tamko. Na usilipie kaunti zote, kila kaunti inafaa kutengea wakazi wake angalau asilimia 20, ukitoka Ruai kwenda kupigania karatasi za Turkana utalia.

SaplayaKimya:
Na ile e-GP ya Julai 2025, mfumo wa serikali wa kufanya tenda zote mtandaoni, si tuliambiwa kila kitu kitakuwa humo? Tukasema hawa wauza arifa wamekwisha.

MsomiWaZabuni:
Magavana walipinga, mambo yakaenda kortini. Wauza arifa wako tu.

FundiWaUmoja:
Hata ukishinda utalipwa lini? Mimi nilifanyia kaunti fulani kazi ya rangi, cheti cha kumaliza kazi ninacho, kila nikienda naambiwa mhasibu ametoka. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, kaunti zinadaiwa zaidi ya bilioni 150. Hakuna esemesi ya asubuhi itakuletea hizo.

DadaWaGithurai:
Kumbe hasira imetoka huko. Ungesema mapema, tungekupa pole badala ya kukupiga.

MamaKaratasi:
Kijana, ulipouliza nilikuwa nakuja kukujibu kabla nitukanwe. Mimi hulipia. Nachukua kaunti mbili tu, Nairobi na Kiambu, na vitu vya ofisi peke yake. Ikiingia arifa siamini, nafungua tovuti ya hiyo ofisi naangalia siku ya kufunga na kama kuna nyongeza wameweka, yaani mabadiliko ya masharti ya tenda, maana nyongeza hao jamaa hawakutumii na ukikosa kuijaza umeanguka. Kazi nimepata, si nyingi. Shule hulipa haraka kuliko kaunti.

FundiWaUmoja:
Madam, unalipia ipi hapo kati ya zote?

MamaKaratasi:
Muulize bwana yangu, si ndiye mwenye kampuni.

NyotaYaKayole:
Weeeh 😂😂😂 funga hii kitu

KijanaWaRuai:
Mama naweza kukuandikia pembeni?

MamaKaratasi:
Andika. Lakini kwanza ingia iTax, ile tovuti ya ushuru, uangalie kama cheti chako cha ushuru hakijaisha muda, wengi mnaangukia hapo.