Dartnell wa Maktau: shujaa wetu, shujaa wao, au tuachane naye?

Wakuu, hili naomba tulijadili bila jazba. Ukigusia tu utalii wa Vita Kuu ya Kwanza kule Taita Taveta, jina la Luteni Wilbur Dartnell lazima litajwe. Wengine wanataka asifiwe, wengine wanasema alikuwa askari wa mkoloni, hatuhusu. Mimi nasema asimuliwe, ila asisimuliwe nusunusu.

Alizaliwa Melbourne, Australia, na kabla ya vita alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Mwaka 1915 alikuja huku na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, jeshi la Waingereza. Septemba 3, karibu na Maktau, askari wapanda farasi aliokuwa nao walibanwa na jeshi la Wajerumani, adui akabaki hatua chache tu. Dartnell alikuwa ameumia mguu na tayari anabebwa kuondolewa. Alipoona majeruhi waliozidiwa hawawezi kuchukuliwa, akang'ang'ania aachwe nao, huenda akawaokoa. Akauawa. Wakampa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na kaburi lake liko Voi.

Kwa ujasiri huo sina ubishi, hata kidogo.

Ubishi wangu uko kwenye maelezo ya nishani yenyewe. Yanasema alibaki huku akijua kwamba askari weusi wa adui huua majeruhi. Sisemi majeruhi hawakuuawa. Ila wale askari waliongozwa na maofisa wa Kijerumani, na maofisa hao hawaguswi. Kinachotajwa ni rangi. Mwafrika anaingia kwenye hadithi hii mara moja tu, kama muuaji.

Na wale waliobeba vita yenyewe? Mbung'o walimaliza farasi na nyumbu, mizigo ikahamia vichwani mwa watu: unga, risasi, machela. Hesabu rasmi ya Waingereza wenyewe inakiri wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na watafiti wengi wanaiona hesabu hiyo ni ndogo. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920 zinaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu nzima: hakuna jina hata moja! Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa ubaguzi huo wa kutowakumbuka kwa majina mwaka 2021, miaka zaidi ya mia baada ya vita.

Kwa hiyo anayempeleka mgeni Voi amsomee maelezo ya Dartnell yote, na ile sentensi ya askari weusi asiiruke. Halafu amweleze habari za wapagazi papo hapo, mbele ya kaburi.

Mnaosema tumfute kabisa, nataka kuwasikia: tukishamwondoa Dartnell, mgeni atafika Voi kufuata nini, na nani atauliza majina ya wapagazi yako wapi?