Mjadala: Wapenzi wa biri wanapobadilishana, thamani ipimwe kwa bei ipi?

Ndugu wadau, naomba tulijadili kwa uzito swali ambalo limewagawa wapenzi wa biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku. Watu wazima wawili wanapobadilishana biri bila fedha kupita mikononi mwao, thamani ya kila moja ipimwe kwa bei ipi? Wapo wanaoshikilia bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, wapo wanaotaka bei ambayo mwenye mali alilipa siku aliyonunua, na wapo wanaosema mnada ndio unaojua thamani ya kweli. Msimamo wangu ni tofauti na wote watatu, nao nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupinga ajue anapinga nini: thamani ya haki ni kiasi ambacho mpokeaji angelazimika kulipa leo ili aipate biri hiyohiyo kwa njia ya kawaida, kodi ya jimbo ikiwekwa kando.

Nazungumzia zaidi Marekani, kwa kuwa huko ndiko desturi hii imeota mizizi. Kuna kubadilishana kwa watu wawili kwa njia ya posta, na kuna sanduku la mzunguko, ambalo husafiri kutoka nyumba hadi nyumba, kila anayelipokea akichukua biri anazozitaka na kuweka nyingine zenye thamani sawa au zaidi kabla ya kulituma kwa anayefuata. Kanuni hiyo inasikika vizuri mpaka mtu wa kwanza aulize thamani hiyo imepimwa na nani. Sanduku likianza safari likiwa na biri za bei ya juu kama Padrón za mfululizo wa 1964 na likarudi limejaa biri ambazo hakuna aliyezichagua, si lazima kuwe na mwizi katika orodha ya washiriki. Inatosha kila mmoja awe ametumia kipimo kinachompendelea yeye.

Tuanze na bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa ya haki kuliko zote, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Kwa viwanda vinavyolinda bei zao, bei hiyo na bei ya dukani ni kitu kimoja, na hapo hakuna ugomvi. Lakini zipo biri nyingi ambazo bei yake rasmi ni pambo tu: inaandikwa dola 11 au 12 kwa biri moja, kisha wauzaji wakubwa wa mtandaoni wanaziuza mwaka mzima kwa dola 4 kila moja, zikiwa zimefungwa tano tano. Anayezinunua kwa dola 4 na kuziweka kwenye sanduku la mzunguko kwa dola 12, kisha akachukua Padrón ya thamani hiyo, hajavunja kanuni iliyoandikwa, lakini amemla mwenzake mchana kweupe. Kipimo kinachoruhusu jambo hilo hakifai, hata kama ni rahisi kukisoma.

Hoja ya pili, ile ya bei niliyolipa, ina mvuto wa uungwana, kwani inaonyesha kwamba mtu hatafuti faida kwa rafiki yake. Hata hivyo inaangushwa na kodi. Kodi ya serikali kuu ya Marekani kwa biri kubwa ni asilimia 52.75 ya bei ya mtengenezaji, lakini imewekewa ukomo wa takriban senti 40 kwa biri moja, kwa hiyo haileti tofauti kubwa. Kodi za majimbo ndizo zinazovuruga hesabu. New York inatoza asilimia 75 ya bei ya jumla, ilhali Pennsylvania na Florida hazitozi kodi ya jimbo kwa biri. Biri ambayo muuza duka ameinunua kwa dola 6 inaongezewa dola 4.50 upande mmoja wa mpaka, na upande wa pili haiongezewi chochote. Mkaazi wa New York akidai alichotoa mfukoni, anamtaka mwenzake wa Philadelphia, mji wa Pennsylvania, amrudishie kodi ambayo haikubadilisha ladha ya jani hata moja. Namhurumia, lakini deni hilo si la rafiki yake. Ndiyo maana nasema kodi ya jimbo iwekwe kando kabla hesabu haijaanza.

Upo upande mwingine wa hoja hiyohiyo, na hapa najua wengi hawatakubaliana nami. Mwaka 2022 kampuni ya Habanos S.A., inayouza biri za Cuba duniani, ilipandisha bei za biri zake aina ya Cohiba na Trinidad na kuzilinganisha na viwango vya Hong Kong, na katika baadhi ya nchi bei ziliruka maradufu. Chukulia mpenzi wa biri wa Uingereza au Kanada aliyenunua sanduku la Cohiba Siglo VI kabla ya hapo. Je, anapobadilishana leo, aihesabu kila biri kwa bei ya zamani kwa sababu ndiyo aliyolipa? Mimi nasema hapana. Mpokeaji akienda dukani leo atalipa bei ya leo, na mwenye mali akitaka kulijaza tena pengo lililobaki kwenye sanduku lake naye atalipa bei ya leo. Wanaosema huo ni moyo wa kichuuzi wanachanganya mambo mawili. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: anayetaka kumzawadia mwenzake na azawadie bila hesabu yoyote. Lakini pale pande mbili zinapokubaliana kupeana kitu kwa kitu, bei isemwe waziwazi kabla ya vifurushi kufungwa. Urafiki mwingi ninaoujua uliovunjika ulivunjika kwa sababu mmoja alidhani ni zawadi na mwenzake akadhani ni mapatano.

Sasa mnada. Minada ya London huuza masanduku ya zamani ya Cuba kwa fedha nyingi, na mtu akiona sanduku la biri 25 limefika pauni elfu kadhaa, hugawanya kwa 25 na kusema biri yake moja ina thamani hiyo. Mgawanyo huo si sahihi. Kinachonunuliwa mnadani ni sanduku zima pamoja na ushahidi wake: muhuri wa kijani wa dhamana, ambao msingi wake ni sheria ya Cuba ya 1912, na chini ya sanduku chapa ya moto pamoja na herufi za kiwanda, mwezi na mwaka wa kufungashwa. Ukiona ABR 15, ni Aprili 2015. Biri ikishatolewa humo na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, ushahidi wote umebaki nyuma, na kilichopo mkononi ni jani, pete ya karatasi na maneno ya mwenye mali.

Hilo ndilo linalowaumiza wageni katika uwanja huu. Mgeni anaambiwa biri ina umri wa miaka kumi, anaonyeshwa unga mweupe juu ya jani la nje na kuhakikishiwa kwamba ni mafuta ya tumbaku yaliyoganda, dalili ya kukomaa. Mara nyingi unga huo ni ukungu wa kawaida, uliotokana na unyevu kupita kiasi. Biri hutakiwa kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, mahali penye ubaridi kiasi, kwa sababu joto likizidi mayai ya mbawakawa wa tumbaku huanguliwa, na mabuu yake huacha matundu madogo yaliyo duara kama yaliyotobolewa kwa sindano. Miaka kumi katika kabati lenye joto ni hasara ya miaka kumi. Kwa hiyo napendekeza nyongeza ya umri itolewe pale tu mwenye mali anapoonyesha picha ya chapa ya sanduku na kueleza alivyoihifadhi. Bila hayo, biri ihesabiwe kama iliyonunuliwa leo. Mali bila daftari huisha bila habari, na umri bila daftari hauna bei.

Vivyo hivyo napinga nyongeza ya marufuku, yaani kuihesabu biri kwa bei ya juu kwa sababu tu imekatazwa. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba vya mwaka 1962 vimefanya biri ya Cuba isemwe kwa kunong’onezwa, na kuanzia 2015 hadi 2020 wasafiri waliruhusiwa kurudi nazo kwa matumizi binafsi, kisha mlango ukafungwa tena. Ugumu wa kuvuka forodha si sifa ya tumbaku. Biri nzuri ya Estelí, Nicaragua, haipaswi kushushwa mbele ya Montecristo No. 4 ya Cuba kwa sababu tu hiyo ya pili inakatazwa kuingizwa Marekani.

Zinabaki biri kama Fuente Fuente OpusX, ambazo mara nyingi haziko dukani kwa bei yake rasmi, na hapo kipimo changu kinapungukiwa, kwa sababu njia ya kawaida yenyewe ni finyu. Kwa hizo naona adimu ibadilishwe kwa adimu, moja kwa moja, bila kutafsiriwa kuwa dola. Wanaotetea mnada naomba waanzie hapo: wanieleze ni kwa hoja gani bei ya sanduku lililofungwa, lenye muhuri na chapa, ihamishiwe kwenye biri moja isiyo na sanduku, na ikiwa biri hiyo ikifika imepasuka jani la nje njiani, nani abebe hasara ya bei hiyo kubwa.