Kujitolea ng'ambo: weltwärts, AU au UNV, nianze na ipi?

Mkwezi wa Pangani
Wakuu salaam. Nina miaka 26, diploma ya ustawi wa jamii, na kwa sasa najitolea kituo cha watoto hapa Tanga. Nataka mwaka mmoja nje. Nimeona weltwärts ya Ujerumani, ile ya vijana ya Umoja wa Afrika (AU), na UNV, ile ya kujitolea ya Umoja wa Mataifa. Zote mlolongo mrefu. Aliyepita humo anishike mkono.

Kinu na Mchi
Mkuu, anza na weltwärts, maana mwisho wake ni miaka 28. Mlango wa sisi kwenda kwao ulifunguliwa 2013. Huombi ubalozini, shirika la hapa Tanzania linakupendekeza kwa mwenzake wa kule. Nauli, bima, chumba na posho viko juu yao. Mimi viza ndiyo ilinichosha: mkataba ninao, miadi ya ubalozi haipatikani. Kijerumani anza sasa, Goethe-Institut, wanaofundisha Kijerumani, wapo Upanga, Dar. Nilipangiwa nyumba ya wazee, na bibi wa miaka tisini hakusubiri utafute neno kichwani, anataka chai yake.

Sauti ya Gizani
Semeni ukweli basi. Kulisha wazee na kubadili mashuka kwa posho ni kibarua cha bei poa, mmekibatiza tu jina.

Kinu na Mchi
Kuna ukweli hapo, sikatai. Ndiyo maana nasema soma mkataba: saa za kazi, siku za semina, likizo. Semina ni haki yako, usikubali zipunguzwe.

Shangazi Mdogo
Mwanangu, AU usiidharau. Ilianza 2010, inachukua miaka 18 hadi 35, unapelekwa nchi nyingine ya Afrika miezi 12. Kwa umri wako hiyo inaweza kungoja. Kiswahili ni lugha ya kazi ya AU tangu 2022, ila kwenye usaili jiandae kwa Kiingereza au Kifaransa, tusidanganyane.

Mhasibu Mstaafu
UNV wengi wanakosea hapa: kujaza wasifu kwenye mfumo wao si kuomba. Lazima uombe nafasi iliyotangazwa. Halafu angalia umri: nafasi za vijana ni 18 hadi 26, kuanzia 27 unaingia kundi la wataalamu, nao wanadai uzoefu wa miaka kadhaa. Wewe uko ukingoni. Na UNV haitozi hata senti. Ukiambiwa utume "ada ya fomu" kwa simu, huyo ni tapeli.

Mkwezi wa Pangani
Asanteni sana. Basi wiki hii naomba UNV kabla sijafikisha 27, huku natafuta shirika la weltwärts. Cheti cha tabia njema nikachukue polisi mapema?

Kinu na Mchi
Ngoja wakuombe. Ukikichukua leo, kitachakaa kabla ya miadi. Pasipoti ndiyo ya kuanza nayo.

Shangazi Mdogo
Na barua ya huyo mkuu wa kituo, iandikwe akiwa bado anakukumbuka.

Sauti ya Gizani
Ukifika huko utuambie saa za kazi.