Fundi wangu katoka jela, mteja kagoma asiingie ndani kwake. Tujadili: jela imfuate mtu mpaka lini?

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita naomba tulijadili kwa uwazi, anayekubali aseme na anayekataa aseme, ila tusitukanane.

Mi nina karakana ya useremala Keko hapa Dar, sisi ndo wale tunaopanga vitanda na makabati pembeni ya barabara, karandinga la mahabusu likipita kwenda gerezani linapita mbele yetu. Wiki iliyopita tulimaliza kitanda cha mninga, sita kwa sita, oda ya mama mmoja wa Tabata, kaja kukiona kakipenda kalipa yote. Siku ya kupeleka nikamtuma kijana wangu akakifunge maana kitanda kile hakina misumari, kimeungwa kwa ulimi na tundu, aliyekitengeneza ndo anajua kipi kinaingia wapi. Kufika getini yule mama akapigiwa simu na mtu wa karakana jirani, namba sijui kaitoa wapi, akaambiwa huyo unayemwingiza chumbani kwako katoka jela juzi tu. Mama kagoma. Ikabidi niende mwenyewe na bodaboda kukifunga, na kijana akakaa nje ya dirisha juu ya ndoo ya rangi karibu saa mbili nzima, ananielekeza kutokea nje, bosi huo ugeuze, bosi huo ni wa kichwani.

Yule mama simlaumu. Ana mabinti ndani na kuogopa ni haki yake, mi mwenyewe kabla sijamfahamu kijana ningeogopa. Ila niliporudi Keko jioni sikulala vizuri.

Niwaeleze huyu kijana ni nani, jina lake naliacha. Kosa lake ni la kweli hakusingiziwa, mwenyewe anasema. Alikuwa kibarua kwenye stoo ya spea za pikipiki, akawaonyesha wenzake njia wakaivunja usiku. Akala mvua tano. Kwa nidhamu alipunguziwa theluthi moja kama sheria inavyosema, akatoka baada ya miaka mitatu na miezi minne. Ukonga aliingizwa kwenye kiwanda cha useremala na waliokaa kwenye ofisi za serikali wanazijua samani za pale, ni kazi ya kueleweka.

Siku ya kwanza nimemwita tu we njoo hapa, akaja mbio akachuchumaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, macho chini. Mafundi wote wakaacha randa wakawa wanaangalia. Nikamwambia simama mdogo wangu, humu hatuchuchumai. Ilichukua kama wiki tatu mwili wake kuacha, hata kwenda chooni alikuwa anaomba ruhusa. Nikampa vipande viwili vya mkongo, patasi na nyundo, nikamwambia niunganishie mguu na mbao ya ubavuni. Akakata ulimi, akachimba tundu, akaingiza kavu bila gundi alafu akanipa nivute. Nimevuta mpaka nimeweka goti, haikutoka. Kabla yake nilishajaribu vijana watatu hawajawahi kushika hata yai la mtu na hakuna aliyeweza hiyo.

Alizunguka miezi saba kabla ya kufika kwangu. Kila anapoomba wanataka wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa, kwingine wanataka na cheti cha polisi cha tabia njema ukapigwe alama za vidole. Sasa wadhamini atawatoa wapi mtu ambaye kwa miaka mitatu watu wake wa karibu walikuwa nyapara na afande? Alienda kwa mwenyekiti wa mtaa akajibiwa nikikuandikia kwamba nakufahamu na kesho ukaiba, wataniuliza mimi. Na mwenyekiti naye ukimsikiliza ana hoja. Yani kila mtu kwenye ule mnyororo ana sababu yake nzuri ya kukataa, ukizijumlisha zote kijana anabaki na kazi moja tu inayompokea bila mdhamini, na hiyo kazi ndo ile iliyompeleka jela.

Msimamo wangu nauweka wazi: mtu akishamaliza kifungo, mwajiri aulize kosa lilikuwa lipi, ni lini, na kazi anayoomba inahusiana nalo vipi. Akishajibiwa hayo aamue. Hili la kusikia tu neno jela ukafunga mlango nalipinga.

NYONGEZA: Nimerudi, nimesoma yote mliyoandika mchana kutwa, nijibu yale mazito.

Kuna aliyesema vijana wenye diploma wamejaa mtaani hawana rekodi yoyote, kwa nini nafasi apewe aliyeiba. Mkuu ungekuwa unasema nafasi za upendeleo ningekuelewa, mi sikuweka tangazo la wafungwa tu. Nilitafuta anayeweza kuunga mbao. Kesho akija mwenye diploma akanionyesha ulimi hautoki, namchukua na yeye, kazi ipo.

Mwingine kaandika aliyeonja asali huchonga mzinga, hawa hawabadiliki. Hapa nitasema ukweli wote maana nikificha nitakuwa nawadanganya. Huyu ni wa pili. Wa kwanza nilimchukua miaka minne iliyopita, naye katoka ndani, akakaa kwangu miezi miwili akaondoka na mashine yangu ya ruta na hela ya mteja ya vanishi. Iliniuma mno, mke wangu mpaka leo ananikumbusha. Lakini ndugu zangu, katika miaka yangu ya karakana nimeibiwa mara tano, na mara nne zilizobaki walioniibia walikuwa na wadhamini na barua za mjumbe. Baada ya ile nimejifunza kwamba mtu mpya yeyote, awe katoka jela awe katoka seminari, miezi mitatu ya kwanza haachiwi funguo wala hapokei hela ya mteja. Kwa nini niwe makini kwa mmoja na nizembee kwa wote wengine?

Aliyenigusa kuliko wote ni yule dada aliyeandika kwamba duka lake lilivunjwa, mtaji ukaisha wote, hakuna aliyekuja kumwuliza anaendeleaje, leo anasoma watu wanahangaikia kazi ya mwizi. Dada yangu, pole sana, na nimeisoma meseji yako mara tatu. Uko sahihi kwamba aliyeibiwa anasahaulika. Kesi ikiisha wanajua idadi ya miaka aliyofungwa mtu, hasara yako inabaki kwako. Ila nikwambie kitu kuhusu huyu wangu. Mahakama zetu zina uwezo wa kuamuru mtu alipe fidia juu ya kifungo, na yeye aliamriwa. Miezi saba aliyozunguka hakulipa hata mia, angelipa na nini? Tangu ameanza hapa kila mwisho wa mwezi akishapokea anasimama pale kwenye benchi la randa anamtumia yule mwenye spea kwa simu, kidogo, alafu ananionyesha meseji ya kuthibitisha, sijawahi kumwomba anionyeshe. Mwezi wa tatu yule mzee wa spea akampigia. Hawakuongea sana. Alimwuliza tu unafanya kazi wapi sasa hivi, akakata. Kwa hiyo dada mi naona ukimnyima kazi mtu wa namna hii, aliyeibiwa anazidi kupoteza, maana fidia inatoka kwenye mshahara, ukutani haitoki.

Wengine mmeuliza mbona sheria iko kimya. Iko kimya sehemu, sehemu nyingine inasema. Fungueni Katiba yetu ya 1977 ibara ya 39, sifa za mgombea urais. Inasema asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi ya serikali ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Maana yake ikipita miaka mitano kosa hilo halimzuii tena kuomba kura za nchi nzima. Na mimi naona walioandika walifikiri vizuri, walikubali kwamba mtu anabadilika na wakaweka muda unaohesabika. Naomba muda wa namna hiyo kwa muuza duka, kuli, fundi na dereva. Waingereza waliotuachia sheria zetu nyingi wana sheria hiyo tangu 1974, muda fulani ukipita bila kosa jipya hukumu inahesabika imekwisha na kwa kazi nyingi mtu halazimiki kuitaja, ila akiomba kazi ya kukaa na watoto bado inaonekana. Afrika Kusini nao waliopewa adhabu nyepesi, ikipita miaka kumi wanaweza kuomba rekodi ifutwe. Kwetu unakuta mtu alifungwa ana miaka kumi na tisa, leo ana wajukuu na bado akigombana na jirani anaitwa mfungwa.

Na hapo hapo kwenye watoto nikubaliane na yule mwalimu aliyechangia. Aliyefungwa kwa kubaka au kulawiti mtoto simtaki karibu na shule, bweni, madrasa wala Sunday school, hata ipite miaka arobaini, na kwenye hilo sibadiliki. Aliyeiba benki asipewe kazi ya benki mwaka wa kwanza, sawa. Ndo maana nasema tuulize kosa gani na kazi gani. Ukiwatupa wote kwenye gunia moja, mwizi wa spea na mbakaji, hata wewe mwenye hofu ya haki unashindwa kujua umwogope nani.

Kitu kingine ni serikali yenyewe. 9 Desemba 2019 pale Mwanza Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, wengi tulishangilia, mimi mmojawapo. Misamaha kwenye sikukuu za kitaifa tumeizoea. Lakini kusamehewa ukatoka na mfuko wa nguo tu, alafu mtaani kila mlango unataka mdhamini, huo msamaha unaishia getini kwa gereza. Zile kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, walizozipa jina la Mandela mwaka 2015, zinasema wajibu wa jamii hauishi mfungwa anapoachiwa, na kwamba anayetoka asaidiwe kupata vitambulisho, mahali pa kuishi na kazi. Kijana wangu alitoka na karatasi moja tu ya kuachiwa. Ufundi aliojifunza miaka mitatu haukuandikwa popote. Angetoka na cheti cha ufundi kinachosema amefaulu useremala, bila kutaja alijifunzia wapi, angeingia karakana yoyote hapa Keko bila kuja kuchuchumaa mbele yangu. Hilo halihitaji hela nyingi, walimu wapo na mashine ziko huko huko ndani.

Naomba mnaoajiri muendelee kuandika, wenye gereji, wenye magodauni, wenye mahoteli. Mkiwa mliibiwa semeni, na kama mtu alikaa vizuri semeni pia, maana wanaokaa vizuri hakuna anayewahesabu.

Na kwa mliouliza yule mama wa Tabata iliishaje: kapiga simu jana. Anataka kabati la milango mitatu lifanane na kitanda. Nimemwambia mama kabati nitakutengenezea, ila mkono ni ule ule, na kulifunga ataingia yule kijana, mimi nitakuja naye nikae pembeni. Akanyamaza kidogo kwenye simu. Kasema ataongea na baba watoto atanijibu Jumamosi.