Oil sili ya shafti inavuja kwenye gia boksi (Toyota IST), kazi ya nyumbani inawezekana?

Mkazi_wa_Shangani
Wakuu, salaam. IST ya 2004, injini 1NZ, otomatiki. Upande wa kushoto, shafti (mhimili unaozungusha tairi) inapoingia gia boksi, panachuruzika mafuta mekundu. Jeki, stendi na boksi spana ninazo, ila uwanja wangu ni mchanga mtupu. Inafanyika bila kushusha gia boksi? Na ninunue nini kabisa kabla ya kufungua, maana kitu kikikosekana hapa Mtwara ni kusubiri basi la Dar.

Spana_Ligula
Inafanyika mkuu, gia boksi haiguswi. Ila hakikisha kwanza ni sili (pete ya mpira inayozuia mafuta). Grisi nyeusi nzito iliyorushwa pande zote ni buti ya ndani (mpira unaofunika jointi ya shafti) imepasuka. Oil ya injini nayo huteremka kutoka tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) ikakudanganya. Osha pale kwa mafuta ya taa, kausha, nenda Mikindani urudi, halafu chungulia.

Nunua sili ya kushoto (taja upande dukani, kushoto na kulia mara nyingi hazifanani), nati mpya ya habu (kitovu kinachoshika tairi), ile pete ya waya inayokaa mwisho wa shafti, na ATF (mafuta ya gia boksi otomatiki) T-IV lita 4. Hiyo ni kwa IST ya umbo la kwanza. Umbo la pili nyingi ni CVT (otomatiki ya mkanda), ina mafuta yake, T-IV usiitie kabisa.

Nati ya habu, boksi spana namba 30, ilegeze tairi likiwa chini na handibreki imevutwa. Nyoosha kwanza ukingo wa nati pale ulipogongwa ili isilegee, la sivyo utaharibu nyuzi za shafti. Kwenye mchanga weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, na usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Mwaga ATF kwenye chombo safi na upime kilichotoka. Fungua boliti mbili zinazoshika shokabu na habu, waya wa ABS na bomba la breki viachie nafasi, kisha inamisha habu nje uchomoe shafti. Kalipa (kifaa kinachobana breki) usiiache ininginie kwenye bomba, ifunge kwa waya.

Kuitoa kwenye gia boksi, ingiza mtaimbo mdogo kati ya kikombe cha ndani (mwisho mnene wa shafti) na bodi ya gia boksi, ukiegemea chuma kinene, na kuusukuma kwa mshtuko mmoja. Ukivuta kwa kushika shafti yenyewe, jointi ya ndani inaachana na utakuwa umejiongezea kazi.

Mingoyo_Gereji
Niongezee hapo, maana sili mpya nyingi zinavuja tena ndani ya miezi na lawama inakwenda kwa duka.

Kabla ya kutoa ya zamani pima imekaa ndani milimita ngapi, mpya irudi kina hichohicho. Unapoichokoa, bisibisi isiguse ukuta wa tundu. Mkwaruzo mmoja tu ni njia ya mafuta. Ya mpya paka ATF ukingoni na grisi kidogo kwenye ulimi (mdomo wa ndani unaogusa shafti), kisha igonge taratibu kuzunguka kwa bomba la plastiki au boksi inayolingana na ukingo wa nje. Ikiingia upande upande, itoe uanze upya. Silikoni usipake.

Sasa pitisha kucha kwenye shafti pale ulimi unaposugua. Kucha ikinasa, pana mfereji, na sili hata iwe ya asili haitaziba. Tafuta kikombe kingine. Angalia pia kipumulio cha gia boksi (tundu la kutolea presha): kikizibwa na vumbi jekundu la barabara za Newala, presha hutafuta pa kutokea, na huishia kusukuma ulimi wa sili.

Mkazi_wa_Shangani
Asanteni sana. Kurudisha shafti kuna ujanja wowote? Na mafuta napimaje?

Spana_Ligula
Mwanya wa pete uelekee chini, shafti uiingize imenyooka huku umebeba uzito wake, meno yake yasichane ulimi. Sukuma mpaka usikie "tak". Ukivuta kikombe kwa mkono kicheze kidogo lakini kisitoke.

Nati ya habu ni Nm 216 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha igonge ifunge. Nati za tairi Nm 103. Usishushe gari kabla nati ya habu haijakaza, beringi itaumia.

Rudisha ATF kiasi kilekile ulichopima. Hapo kuna mtego: kama ilikuwa inavuja muda mrefu, ulichomwaga ni pungufu tayari. Kwa hiyo pasha gari moto kwa kuliendesha, egesha pa tambarare, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) pitisha gia zote kuanzia P hadi L na kurudi P, ndipo uchomoe dipstiki. Soma alama za HOT. Ongeza robo lita robo lita, kwani kuzidisha kunaleta povu.

Mingoyo_Gereji
Na boliti za shokabu, kwa chumvi ya bahari ya huko Shangani, zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi.