Naomba ushauri: mpwa wangu anatumwa vitu visivyokuwepo karakanani

Habari zenu ndugu zangu. Mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 18, anajifunza ufundi wa boti kwenye karakana moja huku Kirumba, Mwanza. Mafundi wake ni wazee wawili waliostaafu jeshi la wanamaji. Kazi wanaijua, hilo silipingi.

Wiki iliyopita walimpa madumu mawili akanunue mafuta mekundu ya taa ya kushoto ya boti, na ya kijani ya taa ya kulia. Alizunguka maduka ya spea mjini mpaka Igogo kwa miguu. Kumbe rangi ni ya kioo cha taa, siyo mafuta! Alirudi magharibi, madumu matupu, ndala moja imekatika, wakacheka mpaka wakakaa chini. Najua wanamaji wana desturi hiyo kwa wageni, wengine hutumwa ndoo ya mvuke.

Kilichoniumiza ni cha juzi. Waliagiza kamba ya grisi ya kuzibia pale shafti (chuma kinachozungusha panga la boti) inapotokea nje ya boti. Hiyo ipo kweli, ndiyo inayozuia maji kuingia. Yeye akadhani ni utani tena, hakwenda. Akafokewa mbele ya wateja kwamba ni mvivu.

Sasa kijana haulizi mafundi wake chochote. Usiku ananiuliza mimi: "Mjomba, impela ni kitu cha kweli?" Mimi nauza dagaa, nitajuaje?

Niende nikaongee na wazee hao, au nitamwaibisha zaidi? Mliopitia karakana, mlifanyaje?