Chuo cha kompyuta Tanga mjini, acheni kula ada za watoto kwa kuwakaririsha klasi na objekti!

Wakuu heshima kwenu. Nimevumilia nimechoka. Kuna chuo hapa Tanga, jina sitaji, kinafundisha Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa ada isiyo ndogo. Vijana wa huku kwetu Ngamiani wakitoka huko wananijia na laptopu zao: "Kaka, programu inafuta hesabu yenyewe." Ukiwauliza klasi ni nini, wote wanaimba: klasi ni ramani, objekti ni nyumba iliyojengwa kwa ramani hiyo. Haya, vizuri. Ukiwauliza kigeu, yaani lile jina la kuhifadhia kitu ndani ya programu, kimebeba nini, kimya.

Juzi mmoja kaja na programu ya madeni ya duka la spea za baiskeli. Tazameni:

Deni zamani = new Deni(45000);
Deni sasa = zamani;
sasa.kiasi = 0;

Alitaka deni la zamani libaki kwenye kumbukumbu, huku akiandika kwamba mteja kalipa. Ukichapisha zamani.kiasi inatoka 0. Mwenye duka kamwita mwizi mbele ya wateja. Mtoto wa watu kaitwa mwizi kwa mstari wa pili!

Mstari ule haujengi deni jingine. "new" imeitwa mara moja, kwa hiyo objekti ni moja tu, na vigeu vyote viwili vimebeba rejea, yaani anwani, ya kwenda kwenye objekti hiyohiyo. Kama wameipenda sana nyumba yao, si waimalizie? Kigeu ni karatasi yenye anwani ya nyumba ya Barabara ya 12. Toa fotokopi ya karatasi upendavyo, nyumba haiongezeki, na atakayebomoa ukuta kwa kufuata karatasi yoyote kabomoa ukuta uleule.

Kinachoniuma zaidi, wanaanza na int, aina ya namba kamili, ambayo kigeu chake kinabeba namba yenyewe, ukinakili umenakili kweli. Kisha wanarukia objekti bila kusema kwamba hapa mambo yamebadilika. Huyo kijana aliuliza darasani, akajibiwa "hilo utalikuta diploma". Diploma gani, na mtu kashalipa?

Na si jambo geni. Simula ya 1967, lugha ya programu iliyotungwa na Dahl na Nygaard kule Norwei, ilikuwa na klasi na objekti, na ilitenganisha hata alama: := kwa thamani, :- kwa rejea. Java ilipotoka 1995 ikaweka = kwa vyote. Basi ukifundisha Java, kueleza tofauti hiyo ni wajibu wako, maana alama haikusaidii.

Kwenye ==, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, ndiyo balaa. Kwa objekti inauliza kama rejea mbili zinaelekea mahali pamoja, si kama yaliyomo yanafanana. Majina yaliyoandikwa ndani ya msimbo inayakubali, kwa kuwa Java hutumia objekti moja kwa maandishi yaliyo sawa. Mteja akiliandika jina lilelile kwa kibodi, inakataa. Dawa ni equals(), ambayo kwa maandishi hulinganisha yaliyomo, lakini hawakuambiwa, wanabaki kudhani mashine imerogwa.

Wazazi, kabla ya kulipa muhula ujao, mpeni mwanenu mistari mitatu ile, mwambieni aeleze kwa nini inatoka 0. Akishindwa, nendeni naye ofisini kwao mkaulize hela imefanya kazi gani.